Laclos, barua zake na msichana aliyefundishwa kunyamaza

Kuna mazoea ya siku nyingi miongoni mwa wasomaji wa fasihi, nao wanafunzi wetu hawakusalimika nayo, ya kumhukumu mtunzi kwa matendo ya wahusika wake. Mtunzi akimchora mlevi, huulizwa alikunywa wapi. Akimchora laghai, huulizwa amewalaghai wangapi. Darasani nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na aghalabu huulizwa kwa nia njema, kwani anayeuliza huamini kwamba kitabu kizuri hakina budi kuandikwa na mtu mwema kuhusu watu wema.

Leo, mpenzi msomaji, ningependa kulijibu swali hilo kwa kukusimulia habari za mtu ambaye lilimwandama maishani na likamfuata hata baada ya kufa. Naye ni Pierre Choderlos de Laclos, Mfaransa wa karne ya 18, askari wa kikosi cha mizinga, ambaye katika maisha yake yote alichapisha riwaya moja tu. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1782 na jina lake ni Les Liaisons dangereuses, ambalo kwa Kiswahili tungeweza kulitafsiri kuwa Mahusiano ya Hatari. Wapo walioiita shule ya uovu. Hoja yangu ni kinyume cha hiyo: kwamba kitabu hiki ni mojawapo ya vitabu vya fasihi vilivyoonyesha waziwazi madhara ya kumlea msichana gizani kisha kuliita giza hilo ulinzi.

Tuanze na mtu mwenyewe. Laclos alizaliwa katika mji wa Amiens, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 18 Oktoba 1741. Jamaa zake walikuwa na cheo cha ukabaila, lakini cha juzijuzi na kisicho na uzito mkubwa. Katika jeshi la mfalme, ambamo vyeo vya juu vilikuwa haki ya watoto wa koo kubwa, kijana kama yeye alikuwa na mlango mmoja uliomfaa zaidi: kikosi cha mizinga. Huko ilitakiwa hesabu, na hesabu haiulizi mtu ni mwana wa nani. Akasomea kazi hiyo katika chuo cha La Fère, kisha akapelekwa La Rochelle, bandari ya pwani ya magharibi, akitumaini kuvuka bahari kwenda kupigana makoloni. Matumaini hayo yakazimwa mwaka 1763, Vita vya Miaka Saba vilipokwisha kwa Mkataba wa Paris.

Kuanzia hapo askari huyu aliishi maisha ya kambi pasipo vita. Alihamishwa kutoka mji hadi mji: Toul, Strasbourg, Grenoble, Besançon, Valence. Askari asiye na vita ana wakati mwingi wa kutazama watu. Laclos aliwatazama matajiri wa miji hiyo katika karamu zao, michezo yao ya karata na mapenzi yao ya siri, naye akawa anaandika mashairi mepesi. Mwaka 1777 alijaribu bahati yake jukwaani kwa tamthilia ya muziki iitwayo Ernestine, aliyoitoa katika hadithi ya Bibi Riccoboni, mwandishi mwanamke aliyekuwa maarufu wakati huo. Muziki ulitungwa na Chevalier de Saint-Georges, bingwa wa fidla na wa upanga, aliyezaliwa Guadeloupe na mama mtumwa mwenye asili ya Afrika aliyeitwa Nanon. Mchezo huo ulionyeshwa mara moja tu, ukazomewa, na haukurudi tena.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1779, Laclos alitumwa katika kisiwa cha Aix, nje ya pwani ya La Rochelle, kusaidia kujenga ngome ya kuwazuia Waingereza. Mchana alisimamia ujenzi, na katika nafasi aliyopata akaandika riwaya yake. Aliimalizia Paris akiwa likizoni. Ilipotoka mwezi Aprili 1782, jina la mtunzi likiwa limefichwa nyuma ya herufi chache, nakala 2,000 za chapa ya kwanza zilikwisha katika muda wa majuma machache, na kabla ya mwaka kumalizika zikawa zimetoka chapa nyingine nyingi, baadhi zikiwa za wizi. Wakubwa wake jeshini hawakufurahishwa. Aliamriwa arejee kambini mara moja.

Riwaya yenyewe ni ya barua tupu. Zimo barua 175, zinazoandikiana baina ya watu kadhaa wa tabaka la juu katika muda wa miezi michache. Wasomaji wa Kiswahili wamekwisha kuonja utanzu huu kupitia Barua Ndefu Kama Hii, tafsiri ya kitabu cha Mariama Bâ wa Senegal. Lakini ilhali Mariama Bâ ametumia barua moja ndefu ya mwanamke mmoja, Laclos amewapa kalamu watu wengi, kila mmoja na nia yake, naye mwenyewe akajiondoa kabisa. Hakuna msimulizi anayetushika mkono kutuambia huyu ni mwema na yule ni mwovu. Hata dibaji zake mbili zinapingana: moja inadai barua hizo ni za kweli, nyingine inamwonya msomaji kwamba huenda yote ni hadithi tu, maana watu waovu kiasi hiki hawawezi kuwa wameishi katika karne iliyoelimika kama hii! Kinaya hicho ndicho kilango cha kuingilia kitabuni.

Kisa ni hiki. Marquise de Merteuil, mjane tajiri anayeheshimiwa na wote kwa utu wema, ana kisasi na mwanamume aitwaye Gercourt aliyewahi kumwacha. Gercourt anakusudia kumwoa Cécile Volanges, msichana wa miaka 15 ambaye ndiyo kwanza atoke katika nyumba ya watawa alikolelewa. Merteuil anamtaka rafiki yake wa zamani, Vicomte de Valmont, amharibu msichana huyo kabla ya harusi ili Gercourt awe kichekesho cha Paris. Valmont kwanza anakataa. Yeye anawinda windo kubwa zaidi, Bi. de Tourvel, mke wa hakimu, mwanamke mcha Mungu na mwaminifu. Lakini agunduapo kwamba mama yake Cécile amemwonya Bi. de Tourvel dhidi yake, anaamua kulipiza kwa kumpitia binti. Mwishowe Cécile anaharibiwa. Bi. de Tourvel anashindwa na mapenzi, anaachwa kikatili na kufa kwa huzuni. Wale waovu wawili nao wanageukiana: Valmont anauawa katika pambano la upanga, na barua zikatolewa hadharani. Merteuil anazomewa katika jumba la michezo, anapatwa na ndui inayomharibu uso na jicho, anashindwa kesi yake ya mali, na anatorokea Uholanzi.

Kwa mtu wa taaluma yangu ya isimu, ajabu ya kwanza ya kitabu hiki ni lugha. Kila mwandishi wa barua ana lugha yake, na ukifunika jina chini ya karatasi bado utamtambua. Cécile huandika kama anavyosema mtoto: sentensi fupi zinazorukiana, mawazo yasiyofungwa, mshangao juu ya mshangao. Bi. de Tourvel huandika kwa utaratibu wa mtu anayejichunga, na tunaona mapenzi yakimwingia kwa jinsi utaratibu huo unavyolegea barua baada ya barua. Valmont ana lugha mbili. Kwa Merteuil huandika kama jemadari anayetoa taarifa ya vita, kwa istilahi za mashambulizi na kujisalimisha. Kwa Bi. de Tourvel huandika kama mtu aliyetubu.

Ipo barua moja, ya 48, ambayo Valmont anamwandikia mcha Mungu huyo akiwa kitandani na mwanamke mwingine, tena mgongo wa mwanamke huyo ndio alioufanya meza ya kuandikia. Kila neno lake kuhusu misukosuko ya usiku huo ni la kweli, na kila neno ni uongo. Mpokeaji ataisoma kama barua ya mtu anayeteseka kwa upendo, na Merteuil, anayetumiwa aipitie kwanza, ataisoma kama mzaha. Sijapata kuona mfano bora zaidi wa kuwafafanulia wanafunzi kwamba maana haikai katika neno peke yake. Maana huzaliwa baina ya msemaji, msikilizaji na yale kila mmoja wao ayajuayo. Asiyejua ndiye anayedanganywa, hata kama hakuna neno moja la uongo lililotamkwa.

Hapo ndipo tunapomfikia Cécile, na hapo ndipo ulipo moyo wa hoja yangu. Wahakiki wengi huwashughulikia Merteuil na Valmont kwa kuwa werevu huvutia. Mimi naomba tumtazame msichana.

Katika barua ya kwanza kabisa ya riwaya, Cécile anamsimulia rafiki yake aliyebaki kwa watawa kituko cha aibu. Alimwona mwanamume akipiga magoti mbele yake, naye akaruka kwa hofu akidhani ndiye mchumba wake. Kumbe alikuwa fundi viatu aliyekuja kuupima mguu wake! Tunacheka, na Laclos anataka tucheke. Lakini baada ya kucheka tujiulize: msichana huyu anaelekea kuozwa, na hajui anaozwa nani wala lini, hata akamdhania fundi viatu kuwa mume. Amekaa shuleni kwa watawa miaka mingi. Amefundishwa nini?

Hakufundishwa chochote kuhusu dunia anayoingia. Mama yake, Bi. de Volanges, si mama mbaya. Anampenda bintiye na anataka aolewe vizuri. Lakini katika ada za tabaka lake mama hazungumzi na binti, humwamuru. Kwa hiyo msichana anapompenda mwalimu wake wa muziki, kijana Danceny, hana wa kumwuliza moyo wake una nini ila Merteuil, rafiki wa familia, mwanamke anayesifiwa na kila mtu kwa busara. Kondoo amekwenda kuomba ushauri kwa fisi, na aliyemwonyesha njia ni wazazi.

Valmont anampata Cécile kwa ujanja wa ufunguo. Anamshawishi ampe ufunguo wa chumba chake utengenezewe mwenziwe, ati ili barua za Danceny zipitishwe kwa usalama. Usiku anaingia. Msichana anapotaka kupiga kelele, Valmont anamwuliza atamwambia nini mama yake, maana ni yeye mwenyewe aliyeutoa ufunguo. Cécile ananyamaza. Walimu wenzangu, hasa mnaofundisha wasichana, mtakubaliana nami kwamba ukurasa huo haujazeeka. Kilichomshika mateka Cécile si nguvu za Valmont peke yake. Ni yakini aliyokuwa nayo kwamba akimweleza mama yake atalaumiwa yeye. Kunyamaza alikuwa amefundishwa tangu utotoni, na mshambulizi hakuwa na haja ya kumfundisha upya.

Kisha Laclos anafanya jambo ambalo kwangu ndilo kilele cha kitabu. Siku ya pili yake binti anamwandikia Merteuil barua ya kilio akimweleza yaliyompata. Wakati uo huo mama, aliyemwona bintiye amenyong'onyea na kudhani ni kwa sababu ya Danceny, naye anamwandikia Merteuil kumwomba shauri. Bi. de Volanges yuko tayari hata kuivunja posa ya Gercourt ili mwanawe apate furaha. Mama na binti wako chini ya paa moja, kila mmoja anateseka kwa ajili ya mwenziwe, na kila mmoja anampelekea siri yake adui yuleyule aliye mbali. Lau wangeketi pamoja kwa nusu saa, riwaya ingekwisha hapo. Merteuil anamjibu binti kwa kumcheka, na anamjibu mama kwa waadhi mzito wa kumtaka asiivunje posa. Barua zote mbili zinaaminiwa.

Katika jibu lake kwa Cécile, barua ya 105, Merteuil anaongeza neno la mwisho ambalo kila mwalimu wa insha angefaa kulitafakari. Anamkosoa msichana kwamba huandika kama mtoto kwa kuwa husema yote anayofikiri. Anamfunza kwamba barua huandikwa kwa ajili ya mpokeaji, na kwamba yafaa kumwandikia yatakayompendeza kuliko yale uyaonayo moyoni. Kwa upande wa ufundi, hilo ni somo sahihi: kila mwandishi hana budi kumfikiria msomaji wake. Ila hapa ni somo la kwanza la maana ambalo Cécile amewahi kupewa kuhusu lugha, na anayelitoa ni mtu anayetaka kumwangamiza. Tusipowafundisha vijana wetu jinsi lugha inavyofanya kazi, wapo wengine watakaowafundisha, na hatutawachagua sisi.

Merteuil mwenyewe naye ni zao la malezi yaleyale. Katika barua ya 81 anasimulia jinsi alivyojielimisha. Alipokuwa msichana, akiwa amehukumiwa kukaa kimya na kutofanya lolote, aliutumia ukimya huo kusikiliza yale watu waliyotaka kumficha. Alijizoeza kutabasamu akiwa na maumivu. Alisoma watunzi wa riwaya, wanafalsafa na waandishi wa maadili ili ajue watu hutenda nini, wafikiri nini na waonekane vipi. Basi hapo tunaona wanawake wawili waliotiwa katika giza moja: mmoja hakupata macho, akawa windo. Mwingine akajipatia macho ya usiku, akawa mwindaji. Jamii iliyowaumba ikamlilia mmoja kidogo na kumzomea mwingine sana, lakini haikujiuliza yenyewe.

Je, nimempa Laclos mawazo asiyokuwa nayo? Sivyo, kwa maana tunao ushahidi wa mkono wake. Mwaka 1783, mwaka mmoja tu baada ya riwaya kutoka, Akademia ya Châlons-sur-Marne iliuliza kwa mashindano njia iliyo bora ya kuendeleza elimu ya wanawake. Laclos alianza kuandika jibu, na jibu lake lilikuwa kali kuliko swali. Alisema hakuna njia. Hoja yake aliipanga kwa mantiki ya mwanahesabu: penye utumwa hapawezi kuwa na elimu, na wanawake katika kila jamii ni watumwa. Kwa hiyo mwanamke, maadamu yumo katika hali hiyo, hawezi kuelimishwa kwa maana halisi ya neno hilo. Akawaambia wanawake wasingoje msaada wa wanaume waliowatia katika hali hiyo, na kwamba ni mapinduzi makubwa tu yatakayowatoa humo. Katika maandishi mengine kuhusu suala hilohilo alipanga utaratibu wa kusoma kwa mwanamke kijana, akishikilia kwamba usomaji ni elimu ya pili inayofidia upungufu wa ile ya kwanza. Insha hizo hakuzikamilisha, nazo hazikuchapishwa hadi mwaka 1903, miaka mia kamili baada ya kufa kwake.

Haifai, hata hivyo, kumgeuza Laclos malaika. Bibi Riccoboni, yule ambaye hadithi yake ilizaa tamthilia iliyoanguka, alimwandikia mara tu riwaya ilipotoka. Akamlaumu kwamba ameupamba uovu kwa mvuto na kuwapa wageni picha mbaya ya wanawake wa Ufaransa. Laclos alimjibu kwa heshima, na barua zao akazichapisha pamoja na riwaya katika chapa ya mwaka 1787. Mimi naona lawama ya bibi huyo ina chembe ya haki. Mwisho wa kitabu si wa usawa. Valmont anakufa kwa upanga, kifo ambacho tabaka lake lilikiheshimu. Merteuil anapigwa usoni, kana kwamba kosa kubwa la mwanamke ni sura yake. Naye Cécile, asiye na hatia, anarudi kwa watawa alikotoka, na mama yake anashauriwa asiulize kwa nini. Wapo wanaosema Laclos aliufanya mwisho huo kuwaridhisha wenye maadili. Wapo wanaosema aliufanya usiridhishe makusudi. Tofauti hiyo ni ya kujadiliwa darasani, na mwalimu asiimalize kwa niaba ya wanafunzi.

Maisha ya baadaye ya askari huyu yanatosha kuwa riwaya nyingine. Huko La Rochelle alikutana na Marie-Soulange Duperré. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mwaka 1784, nao wakaoana mwaka 1786. Mwaka huohuo aliwakasirisha tena wakubwa wake kwa kuchapisha waraka wa kuishambulia sifa ya Vauban, mjenzi wa ngome aliyeabudiwa na jeshi zima. Mwaka 1787 alipendekeza gazetini utaratibu wa kuzipa namba nyumba na mitaa ya Paris. Mwaka 1788 aliingia katika utumishi wa Duke wa Orléans, jamaa wa mfalme na mpinzani wake. Mapinduzi yalipozuka mwaka 1789 alikuwa karibu kabisa na moto. Alijiunga na chama cha Jacobins na akahariri jarida la chama. Katika kipindi cha Vitisho mkubwa wake, yule Duke, alikatwa kichwa mwezi Novemba 1793, na Laclos akatupwa gerezani akingojea zamu yake. Akaponea chupuchupu, akaachiliwa Desemba 1794. Wakati wa misukosuko hiyo alifanya pia majaribio ya makombora yenye uwazi ndani, yaliyojazwa baruti, ambayo wanahistoria wa silaha huyataja mpaka leo.

Kutoka gerezani, na baadaye kutoka vitani, alimwandikia mkewe barua nyingi ambazo zimehifadhiwa. Ni barua za mume mpenzi na baba mwenye wasiwasi wa ada na chakula cha watoto. Ndani yake alidokeza kwamba angetamani kuandika riwaya ya pili, ya kuonyesha kwamba hakuna furaha nje ya familia. Hakuiandika. Mwaka 1800 Napoleon Bonaparte, ambaye naye alikuwa afisa wa mizinga, alimpa cheo cha jemadari. Laclos akapigana Ujerumani na Italia, na tarehe 5 Septemba 1803 akafa kwa ugonjwa huko Taranto, kusini mwa Italia, akiwa na umri wa miaka 61. Alizikwa katika ngome ya kisiwani, mbele ya bandari hiyo. Kaburi lake liliharibiwa baada ya utawala wa Napoleon kuanguka. Kitabu chake nacho kilihukumiwa na mahakama ya Paris katika miaka ya 1820 kuwa ni cha kuangamizwa, kwa kosa la kuharibu maadili.

Hukumu hiyo haikudumu. Katika karne ya 20 wasomi wa Ufaransa, André Malraux akiwa mmojawapo, walimrejeshea Laclos nafasi yake. Mwaka 1985 Mwingereza Christopher Hampton aliifanya riwaya kuwa tamthilia, na mwaka 1988 Stephen Frears akaitoa kama filamu iliyotazamwa duniani kote. Kati ya 2008 na 2010 ilisomwa na wanafunzi wa fasihi wa mwaka wa mwisho katika sekondari za Ufaransa. Kitabu kilichohukumiwa kwamba kitawaharibu vijana kimewekwa mikononi mwa vijana, na walimu wao.

Haya yote yana maana gani kwetu? Nasi hapa Kenya tuna mijadala yetu kuhusu vitabu vinavyofaa na visivyofaa shuleni, na sina nia ya kuwadharau wazazi wanaouliza maswali. Mzazi ana haki ya kuuliza. Umri ni jambo la kuzingatiwa, na riwaya ya Laclos nisingempa mtoto wa shule ya msingi. Lakini hoja kwamba kijana atahifadhika kwa kutosoma habari za uovu ndiyo hasa hoja ya nyumba ya watawa iliyomlea Cécile. Usilolijua ni usiku wa giza, walisema wahenga, na Laclos ametuonyesha ni nani atembeaye katika usiku huo.

Kwa wanafunzi, rai yangu ni kwamba msimwulize mtunzi kwanza kama alikuwa mtu mwema. Ulizeni katika kila barua, na katika kila ujumbe mnaoupokea nje ya darasa, kama Laclos anavyotulazimisha kuuliza: nani anaandika, anamwandikia nani, anataka nini, na nini ambacho hakukisema? Msichana wa miaka 15 ambaye angefundishwa kuuliza maswali hayo manne asingemkabidhi mtu ufunguo wa chumba chake kwa sababu tu ameandika vizuri.

Kwa walimu na wazazi, rai yangu ni fupi zaidi. Bi. de Volanges alimpenda mwanawe kwa moyo wote. Alimtafutia shule, mchumba na marafiki wenye sifa njema. Jambo moja tu hakulifanya, nalo ni kuketi naye na kumsikiliza, hata likimjia jambo la kutisha, bila ya kuanza na lawama. Kwa kukosa hilo, alimpoteza binti bila hata kujua alimpoteza vipi.